Siku Niliyojipaka Maji Matupu

“Udi,” alisema mume wangu, macho kayafumba.

Nilikuwa nimemwekea mkono wangu chini ya pua, kama kila asubuhi. Nikauacha palepale.

“Una uhakika, Fundi?”

“Udi wa kichupa cheusi. Kachemshe chai, Kizaazaa.”

Akaubusu mkono, akaingia bafuni anapiga mluzi. Mimi nikabaki ukingoni mwa kitanda. Sikuwa nimejipaka udi. Sikuwa nimejipaka kitu chochote. Kwenye ule mkono kulikuwa na maji ya bomba.

Ngoja nieleze, maana najua mtasema huyu mwanamke ana wazimu, anamtega mume kwa maji.

Mimi napenda manukato kuliko nguo na viatu. Mezani chumbani nina safu ya vichupa, na tangu tuoane, kila asubuhi kabla mume wangu hajafumbua macho najipaka kimoja na kumnusisha. Akipatia, chai napika mimi. Akikosea, anapika yeye. Mwaka wa kwanza yule bwana hakugusa sufuria! Ni fundi wa mota za umeme, za pampu na za mashine za kusaga, na alikuwa hafungui mota kabla hajainusa. Anainama, anavuta pumzi, anasema, “Hii waya umeungua,” au “Hii imeingia maji tu, ianikeni juani.” Wateja walidhani ana dawa, kumbe ni pua tu.

Halafu akaanza kukosea. Waridi akaliita limau, asumini akaiita sabuni. Ghafla tena akawa anapatia kila siku, mpaka nilipomkamata: alifumbua jicho moja kidogo, akatazama mezani ni kichupa kipi kimesogea. Ndiyo maana asubuhi ile nilikisogeza kile cheusi mbele makusudi, kisha nikaenda bombani.

Jibu lake likanitia baridi. Mtu analala na wewe, anakubusu, halafu hajui kama unanukia au hunukii. Mawazo yake yako wapi?

Na hicho siyo kilichonitisha zaidi. Kilichonitisha zaidi ni adabu.

Jina la Kizaazaa alinipa yeye, na nalistahili. Nikipita mimi, kitu kinaanguka. Nimewahi kujifungia mlango nikiwa nje, sketi yangu ikiwa ndani. Nimewahi kumimina sabuni ya unga kwenye bakuli la sukari, tena siku ya wageni. Zamani kila mkosi wangu alikuwa anautania mpaka majirani wanacheka na wao. Siku hizi hakuna utani. Jumapili moja wali uliungua, harufu ikajaa nyumba nzima, na yeye amekaa pembeni ya jiko anachezea simu. Niliingia mbio kutoka bafuni, nimejifunga taulo.

“Fundi! Husikii wali unaungua?”

Akashtuka, akaruka kuzima jiko. “Aa... nilikuwa na mawazo.”

“Mawazo gani?”

“Ya kazi tu.”

Tukaula ule wali mweusi. Akamaliza sahani, akanawa mikono, akasema, “Asante, mke wangu. Ni mtamu.”

Mke wangu! Hajawahi kuniita mke wangu isipokuwa mbele ya mjomba wake. Nikaogopa kweli.

Sasa turudi siku ya maji. Kazi yangu ni kwenye dobi, napokea nguo kaunta na kupiga pasi. Bosi wangu tunamwita Mama Pasi, mwanamke wa maneno mengi na roho nzuri. Nilikuwa nimeshaunguza kola ya shati la mteja aliponivuta nyuma ya mapazia.

“Mwanangu, hilo ni shati la pili leo. Una nini?”

Nikamwambia yote, na maji yangu ya bomba. Akanisikiliza mikono kiunoni.

“Na nguo zake umezinusa?”

“Nguo zake?”

“Wewe si ndiye unayenusa shati hapa kaunta unaniambia huyu kaacha sigara, huyu kagombana na mkewe kalala kwenye gari? Mashati ya watu unayajua, la mumeo hulijui?”

Nilikuwa sijalinusa kwa sababu nilikuwa naogopa.

Jioni nikajikaza. Alipovua ovaroli nikajifanya naikunja. Nikasikia grisi, vanishi ya mota, jasho lake ninalolijua. Nikafika mfuko wa kifuani. Waridi.

Tena siyo waridi langu. Langu lina utamu kidogo wa asali. Hili lilikuwa kavu, kali, na nyuma yake kuna karafuu. Alipoinama kufungua kamba za viatu, nikainama naye kama namsaidia. Waridi lilelile, kwenye masharubu.

“Leo umeshinda wapi, Fundi?”

“Karakana. Kwani vipi?”

“Nauliza tu.”

“Kuna pampu imenitesa siku nzima.”

Alipokuwa anaoga simu yangu ikaita. Alikuwa mwenzake wa karakana.

“Shemeji, samahani kwa usumbufu. Fundi yupo?”

“Anaoga.”

“Basi nikuulize wewe. Mwenzangu ana nini siku hizi?”

“Kwani kafanya nini?”

“Kamrudishia mteja pampu, kasema ni nzima. Kuiwasha tu, moshi! Fundi yule! Lakini nilisema nisimlaumu, mtu mwenye mgonjwa nyumbani akili haitulii.”

“Mgonjwa?”

“Si wewe, shemeji? Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi anaaga, anakupeleka hospitali. Unaendeleaje lakini?”

Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni.

“Naendelea vizuri, shemeji. Asante kwa kuuliza.”

Nikakata simu. Ya mume wangu ilikuwa kitandani, na wakati uleule ikawaka. Sikuishika, naapa. Nilisoma kwa juu tu. Namba haikuwa na jina.

“Kesho saa kumi usikose. Njoo na vichupa. Na tafadhali mwambie mkeo. Hii siri inakuumiza wewe mwenyewe.”

Alitoka bafuni anajifuta kichwa.

“Nani alikuwa anapiga?”

“Mteja wa dobi. Anaulizia suruali yake.”

Nilitaka kumuuliza. Nililipanga swali vizuri kabisa kichwani, na ulimi ukagoma. Nilijua nikiuliza atajibu, na mimi sikuwa na uwezo wa kulisikia hilo jibu. Nikamwekea chakula. Nikaangusha kijiko. Nikaangusha kingine. Hakunitania.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Asubuhi, nilipokwisha kumsimulia Mama Pasi ya jana jioni, waridi, simu na meseji, alinitupia furushi la makoti meupe.

“Ya madaktari wa jengo la kona. Kagua mifuko, wale watu wanasahau kalamu.”

Koti la kwanza nikakuta kalamu. La pili, karatasi ya pipi. La tatu nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa, nikausogeza puani bila kufikiri. Waridi kavu. Karafuu.

“Mama, hili la nani?”

“Angalia tiketi. Ghorofa ya pili. Si yule daktari mwanamke, mrefu, mwenye miwani? Anajua kuvaa yule. Kwani limechanika?”

“Ndiye.”

“Ndiye nani?” Halafu akaelewa, akashika kinywa. “Uwii! Daktari mzima?”

“Au anaumwa.”

“Anaumwa nani? Mwanangu, watu wanakutana saa kumi, wanaandikiana meseji, wananukia harufu moja...”

“Au anaumwa, Mama! Kuna mawili tu hapa. Ama anampenda huyu mwanamke, ama ana ugonjwa mbaya ambao ameshindwa kuniambia. Nimekesha na hofu hapa kifuani mpaka sijui niombe lipi liwe kweli.”

Mama Pasi akaenda kwenye bomba la kutundikia nguo safi, akaangua na henga yake koti jingine la yule daktari, lililokwisha kupigwa pasi.

“Hili lilikuwa lipelekwe leo,” alisema taratibu. “Lipeleke wewe. Na ukikuta la kukuta, usimpige mtu na henga yangu.”

Saa kumi ilinikuta kwenye ngazi za jengo la kona, koti mkononi. Nikaandika meseji.

“Uko wapi?”

Jibu likaja haraka. “Karakana. Nimebanwa na kazi. Nitachelewa kidogo.”

Nikapanda. Kila ngazi nilitamani nigeuke. Ghorofa ya pili kulikuwa na korido inayonuka spiriti na sabuni ya sakafu, na mwisho wake mlango umeachwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya mwanamke.

“Funga macho.”

Nikachungulia. Mume wangu alikuwa amekaa kitini, ameinua uso, macho kayafumba. Mbele yake yule mwanamke mwenye miwani ameinama, amemshikia kichupa kidogo chini ya pua.

Sijui niseme nini mnielewe. Ningewakuta wamekumbatiana ningejua la kufanya, ningepiga kelele. Lakini ule ulikuwa mchezo wangu. Ule uso ulioinuliwa na macho yaliyofumbwa ulikuwa wangu, wa asubuhi, wa kitandani kwetu. Nikaishika ile henga mpaka ikaniuma.

“Hiki?” aliuliza daktari.

“Waridi.”

“Unalisikia, au unakisia?”

Akavuta hewa tena.

“Nakisia.”

“Na hiki?”

“Sijui.”

“Vuta polepole. Usikimbilie.”

“Daktari, hakuna kitu.” Sauti ya mume wangu ilikuwa imeanza kukatika. “Ni hewa. Vyote ni hewa. Hata mke wangu ni hewa. Naweka pua shingoni kwake kila siku, hakuna mtu pale. Mpaka nashika mkono wake nihakikishe.”

Nikarudi nyuma. Nyuma yangu palikuwa na ndoo ya mfagizi, na mimi ni mimi. Ndoo ikaenda, maji yakaenda, mimi nikaenda, koti jeupe likatua kwenye maji machafu.

Ndani, kabla hata mlango haujafunguliwa, nilisikia akisema:

“Kizaazaa?”

Alitoka mbio, akaniinua. Nikamsukuma. Nikamshika tena. Sikuwa najua nataka kipi.

“Wewe ni mke wake?” daktari aliuliza, akilitazama koti lake sakafuni.

“Mimi ni wa dobi,” nikasema. “Nimeleta koti.”

Halafu nikalia. Daktari akatuingiza ndani, akaniwekea kiti, akamtazama mume wangu kwa miwani yake.

“Nilikuambia mwambie. Sasa mwambie. Mimi nakwenda kutafuta tambara.”

Tukabaki wawili. Kwenye meza kulikuwa na vichupa vinne: waridi, karafuu, limau, mkaratusi.

“Unakufa?” nikauliza.

“Hapana! Nani kakuambia nakufa?”

“Nani kaniambia chochote? Unamdanganya mwenzako kwamba naumwa! Unakula wali ulioungua unasema mtamu! Jana nimejipaka maji, Fundi. Maji ya bomba! Ukasema udi!”

Akainamisha uso. Akachezea kifuniko cha limau.

“Sisikii harufu,” alisema. “Hata moja. Chakula ni chumvi na moto tu. Mota nashindwa kujua iliyoungua na nzima. Nakwenda kwa kubahatisha.”

“Tangu lini?”

Akakifunga kile kichupa.

“Tangu lini, Fundi?”

“Tangu siku ya kabati.”

Ilinichukua muda kuikumbuka siku ya kabati, kwa sababu sisi tuliihesabu kuwa siku ya kicheko. Nilipanda stuli nipandishe boksi juu ya kabati. Stuli ikateleza, ndiyo mambo yangu hayo. Yeye alikuwa mlangoni, akajitupa, akanidaka hewani, tukaanguka wote, mimi juu ya kifua chake, kisogo chake kikagonga sakafu. Tulicheka mpaka machozi. Alitoka nundu, nikamwekea barafu, nikamwita shujaa wa kabati wiki nzima.

“Kulikuwa na nundu tu,” nikasema.

“Daktari anasema pale kisogoni pakigongwa vibaya, ubongo unatikisika, na kuna vineva vyembamba vya kunusia vinavyotoka puani vinakatika. Vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Ndiyo haya mazoezi, kunusa vilevile kila siku mpaka pua ikumbuke. Navibeba kwenye ovaroli, nanusa karakana nikiwa chooni.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Ndiyo maana sikukuambia!” Aliinuka kitini. “Unaona? Ndiyo hiyo sura niliyokuwa naikimbia! Wewe ukivunja glasi unaomba radhi mpaka glasi nyingine inunuliwe. Hili ungelibeba mpaka kaburini. Ungeacha kujipaka manukato. Ungeanza kutembea ndani ya nyumba kwa kunyata, unaogopa kugusa kitu. Mimi nilimuoa Kizaazaa, sikumuoa mtu wa kunyata.”

“Ukaona heri nidhani una mwanamke?”

“Sikuwaza hilo kabisa.”

“Hukuwaza! Unanukia waridi la mtu, unakuja nalo kitandani kwangu, mimi mwenye pua kama hii, na hukuwaza?”

Akajinusa mkono, kwa mazoea.

“Mimi nilijuaje kama nanukia?”

Hapo nikacheka. Sikutaka, kilinitoka tu katikati ya kilio, kicheko kibaya chenye kamasi. Na yeye akacheka, halafu kicheko chake kikageuka, akaja kupiga magoti akaniwekea kichwa mapajani, na nikamuona mume wangu analia kwa mara ya kwanza.

“Naogopa,” alisema.

“Kazi?”

“Kazi nitajifunza kupima kwa mita kama watu wengine. Naogopa nyumba. Siku ile ya wali, moto ulikuwa hapa, pembeni yangu, na sikujua. Ungechelewa bafuni je? Ungekuwa umelala? Waya unaweza kuungua ukutani, gesi inaweza kuvuja, mimi nimekaa macho wazi nakutazama na sijui kitu. Nikilala nashtuka, nakwenda jikoni nashika jiko kwa mkono, nashika na ukuta. Sijalala vizuri tangu siku ile.”

Nilimshika kile kisogo kwa viganja viwili. Nundu ilikuwa imekwisha zamani, pamebaki laini tu. Nilitaka kusema samahani, na aliliona linakuja.

“Ukiomba radhi,” alisema bila kuinua uso, “nakufungulia kile kichupa cha karafuu chini ya pua.”

“Basi niahidi kitu. Ukiogopa tena, uogope pale nilipo.”

“Nimeahidi.”

Daktari alirudi na tambara. Akatukabidhi karatasi ya tarehe za kurudi, akaniambia safari nyingine niingie kwa mlango, ndoo niiache. Koti lake nikalichukua kulifua upya.

Tulifika nyumbani jua bado liko juu. Nilimvua viatu, nikamlaza kwenye kochi, akasema hana usingizi, anapumzisha mgongo tu. Nikaketi kiti cha mlangoni, kati ya kochi na jiko. Hakudumu macho. Pumzi zilikuwa zimeanza kuwa ndefu nilipoinua kichwa ghafla na kuvuta hewa.

Alinyanyuka mzima, macho yametoka.

“Nini? Kuna nini? Kinaungua?”

“Maharage ya jirani,” nikasema. “Yameanza kushika chini, ila anayakoroga. Kwetu hakuna kitu.”

“Una uhakika?”

“Ninanusa, Fundi. Lala.”

Alinitazama kidogo. Kisha akajilaza, akageukia ukutani, akalala.